Kibonyeo kwenye Madigadi ya Baba

Mtaa wa Cabrillo,
Oceano, California.
14 Oktoba 1991

Mpendwa binamu yangu Wendell,

Salamu nyingi kutoka huku mchangani. U hali gani, na Alaska inakutendaje? Natumaini mgongo umepoa na kazi ya kiwanda cha samaki haikuelemei, na kwamba baridi haijakufanya uache kuoga. Sisi hatujambo. Mama magoti yamechoka ila mdomo bado mzima, unamjua mwenyewe.

Asante kwa maua uliyotuma tulipomuaga Baba. Niliisoma kadi yako, pale ulipoandika kwamba mjomba wako alikulea akakupa kila kitu, nawe hukumwachia chochote. Iliniuma, na leo nataka kukujibu.

Jumamosi ilikuwa sikukuu ya vigari vya mchangani, vile vya kurukia vilima. Mwaka huu chama cha wenye vigari kimechonga jiwe la kumbukumbu, liwekwe pale magari yanaposhukia ufukweni, la kumtaja aliyebuni kigari cha kwanza cha faibaglasi huku kwetu. Wengi walitaka jina la Rusty Hallam. Yeye aliuza vigari mpaka Arizona, wakati Baba alitengeneza vichache, tena kwa kuchagua wateja kama anaoza binti.

Mama alikosa raha kabisa. Aliapa kwamba wakiandika jina la Rusty hatakanyaga tena ufukwe ule, na ndiko tulikomwaga majivu ya Baba. Nikajua hatanii.

Basi tulipomaliza nyama ya kuchoma na maharage, mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Mama akainuka na fimbo yake, akaipita maikrofoni kama haioni, akaenda moja kwa moja kwenye kigari cha kwanza cha Rusty, kile chekundu. Akaweka kiganja juu ya madigadi ya kushoto.

"Rusty, njoo ukae hapa."

"Verna, mwenzio mzee. Nikikaa hapo mtaniondoa kwa winchi."

"Basi papasa. Hiki kibonyeo ulikichonga wewe?"

Rusty akapapasa, halafu akavua kofia. "Hapana. Nilitandika faibaglasi yangu juu ya gari la mumeo Delbert nikapata kalibu ya kutolea vigari vyangu. Kibonyeo kikaja nayo. Kila kigari nilichouza kinacho."

"Na hukujiuliza ni cha nini?"

"Nilidhani ni pa kuwekea bia."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akakaa chini. Rusty hakucheka. Aliwageukia akasema, "Andikeni Delbert Askew. Mimi nilikuwa na mdomo wa kuuza tu." Nilimpenda mzee yule hapo hapo, na nilijivunia Baba hadi nikalia mbele za watu bila haya.

Sasa nikwambie kile ambacho wewe huwezi kukumbuka, kwa maana ulikuwa bado unavaa nepi. Baba alikuwa gereji, amemaliza kulainisha umbo la gari kwa plasta, bado bichi. Aligeuka kuchukua kitambaa, nawe ukapanda ukakaa juu ya madigadi ya kushoto, umetulia kama mfalme. Mama yako alitaka kukuchapa. Baba akamzuia, akakunyanyua taratibu, akakitazama kile kibonyeo muda mrefu. Akasema hatakiziba. Tangu siku hiyo kila asubuhi aliweka kikombe chake cha kahawa pale pale, hata ulipokuwa umeshahamia huko mbali.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiniandikie tena kwamba hukumwachia kitu. Jiwe lina jina la Baba. Lakini kila kigari kinachoruka vilima vya mchanga kutoka hapa hadi Arizona kimebeba alama ya makalio yako, na bila hiyo jina lake lingepotea.

Nisalimie mkeo Sigrid na pacha wenu, na mzee Ivar jirani yenu. Huku dada Colleen na watoto wake wanakusalimu sana. Mungu akulinde kwenye barafu hiyo na akurudishe kwetu ukiwa salama.

Mama anasema uje majira ya kuchipua ukae tena pale, ila safari hii uvae suruali.

Ni mimi dada yako, nikupendaye toka enzi za nepi,
Marlys