Matope kwenye Gauni la Bluu

Mikinduri, msimu wa mvua

Mama yangu mpendwa,

Huko Karurumo mmeamkaje? Magoti yako yanakuacha ulale, au ule mtaro wa kijiji mnaochimbishwa na walinzi bado unayamaliza? Sisi huku ni wazima, Mungu anatutunza. Rwamba, wifi yangu, wewe unayemsomea Mama, tafadhali soma polepole na usiruke mahali, hata ukiona haya.

Mama, nimeolewa na mtu mwema. Naona vibaya kukuandikia raha yangu wakati ninyi mnashinda mnachimba, lakini nikiificha nitakuwa nimekudanganya. Kinyua akirudi kutoka kupeleka miraa, hupiga honi tangu kule mtoni ili niweke chai jikoni, na moyo wangu hunitangulia mlangoni. Sukari hunitilia yeye mwenyewe! Majirani wananicheka.

Majuzi nilimwomba aliwekee gari letu mipira ya kuzuia matope nyuma ya magurudumu. Akauliza ya nini. Nikamwambia matope yananichafulia nguo nilizoanika. Hiyo haikuwa sababu.

Alinunua tairi kuukuu la lori kwa fundi wa viatu vya akala pale sokoni, akalikata vipande kwa kisu alichokuwa akikilowesha maji, akavitoboa kwa msumari wa moto. Ua wote ulinuka mpira ulioungua, hata mama yake akatoka nje mbio akidhani nimeunguza githeri. Kisha Kinyua akalala chali chini ya gari, miguu tu ikionekana, mimi nikimshikia mpira na kumpa spana.

"Wawira, inua kidogo. Hapana, hiyo ni kidogo ya watu wa shule. Inua kidogo ya dereva."

"Kidogo ya dereva ni kiasi gani?"

"Ile ya kumchosha mke bila kumfukuza."

Boliti zilipokazwa, nikamwambia nataka kujaribu. Mbele ya lango letu kuna dimbwi. Nilivaa gauni langu jeupe la Jumapili, nikasimama kando yake, nikamwambia apite kwa mwendo wake wa siku zote.

"Umerogwa? Vaa gunia basi!"

Nilikataa. Akapita. Mama, matope yalinipiga usoni na kifuani, baridi, mchanga ukaniingia kwenye meno. Kinyua akashuka akicheka, "Kumbe nilioa mfinyanzi!" Aliponiona ninalia, kicheko kikamkatika. Ndipo nikamwambia.

Rwamba aliniandikia maneno yako, kwamba siku ya harusi hukutoka barabarani kutuaga, kwamba ulitoka kanisani ukarudi moja kwa moja mtaroni kwa sababu mlinzi aliwapa ruhusa ya ibada tu. Mama, nilikuona. Ulisimama pale kwenye kona na gauni lako la bluu, mkono juu. Kinyua alikuwa anatazama mbele, akihofia kafyu itatukuta njiani. Gurudumu likaingia kwenye dimbwi. Nikageuka, nikakuona umelowa matope tangu kichwani. Ulijipangusa macho kwa mkono ule ule, kisha ukauinua tena kunipungia.

Kinyua aliniuliza, "Tumegonga kitu?"

Nikasema, "Hapana, mpenzi, twende."

Nilikuwa na furaha mno, Mama. Niliogopa gari likisimama, furaha nayo itasimama. Na tangu siku ile, kila akinitilia sukari, nauona mkono wako.

Hayo ndiyo niliyomwambia Kinyua pale langoni. Akauliza, "Yule alikuwa Mama?"

"Ndiye."

"Nimemmwagia mama mkwe matope, nikaenda zangu nikiimba?"

Akakaa chini palepale kwenye matope, na suruali yake nzuri. Chai alikataa. Huku kwao ni kama kwetu, mkwe hamkaribii hovyo mama wa mkewe, sembuse kumchafua. Anasema hatavuka kizingiti chako bila mbuzi wa kukuomba radhi, na usipompokea mbuzi huyo, atashinda ndani ya gari mpaka tuondoke. Aliposimama, aliupiga mpira mmoja teke.

"Hii inazuia matope ya nyuma tu," akasema. "Ya ubavuni yanazuiwa na mguu wangu kwenye breki. Na mdomo wako, Wawira."

Afadhali angenigombeza.

Tumepata pasi ya serikali ya kuja huko maharagwe yakishavunwa. Kama moyo wako hautaki kutuona, mwambie Rwamba aniandikie, nami sitauliza kwa nini. Lakini tafadhali usiniambie tena kwamba hukutoka siku ile. Najua ulisema hivyo ili nilale usingizi. Silali.

Nisalimie Baba Mdogo anayetuchungia mbuzi, na Nyanya aliyenipaka mafuta asubuhi ya harusi. Rwamba, nibusie mtoto aliye mgongoni mwako, na asante kwa kusoma mpaka hapa.

Mama, ukikubali tuje, vaa lile gauni la bluu kama lilitakata, usimame pale pale kwenye kona, karibu na barabara kabisa. Tutasimama. Nitashuka mimi kwanza.

Mimi mtoto wako niliyekuona,

Wawira