Nahodha Mwenye Betri Kifuani

Ujiji

Mdogo wangu Gideon,

Salamu zako nimezipata. Huku tu wazima, na shemeji yako Leonida ameanika dagaa mpaka uani kwa jirani.

Lakini nasikia huko Kagunga boti yangu umempa nahodha mwingine, eti mwenye betri kifuani atazimika ziwani. Nilizimika kabla ya betri, Gideon! Moyo ulisimama, nikaanguka mwaloni tukishusha samaki. Madaktari wakanipasua haraka, wakaweka hicho kifaa kinachoushtua ukizubaa. Sijaanguka tena.

Taa zako za kuvulia zinawaka kwa kitu gani kama si betri? Mbona hizo unaziamini usiku kucha katikati ya ziwa?

Ijumaa nakuja. Huyo nahodha wako ashuke mwenyewe, nisije nikamshusha.

Ni mimi kaka yako, bado hai,
Eliakimu