Kadi Mbili za Numbi Kitwa

Jumatatu, 4 Agosti

Programu imekataa tena. Mstari uleule, wa mkdir, amri ya kuunda folda. Nyumbani, kwenye Windows, ukiunda folda unatoa jina tu. Mashine ya hapa zahanati ni ya Linux, inataka jina pamoja na ruhusa: nani afungue, nani aandike. Nimeandika funksheni yangu mwenyewe, unda_folda. Ndani yake #ifdef inachagua: Windows njia hii, Linux njia ile. Imekubali. Nilitaka kupiga makofi lakini wagonjwa walikuwa wamejaa.

Asante Mungu kwa Masera Véronique, mtawa anayesimamia zahanati hii ya Kikula. Nimetoka tu sekondari, kuongea na watu kunanishinda, na bado amenikabidhi kadi zote za wagonjwa. Mvua iliziloanisha, zinaoza. Nikishachapa kadi, karatasi yake inachomwa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimechapa kutwa. Vidole vinauma. Nafurahi.

Kila kadi ni faili yenye jina la mgonjwa. Programu inaandika kwanza kwenye faili ya muda, halafu rename inaipa jina lake. Umeme ukikatika katikati, hakuna kadi inayoharibika. Jina likiwa limeshachukuliwa, rename inakataa na programu inaongeza namba. Nilijaribu nyumbani mara tatu. Leo haijakataa hata mara moja. Bahati njema.

Kadi moja imenitisha. Numbi Kitwa, alivunja mawe kwenye machimbo ya Kakontwe miaka mingi. Mstari mwekundu: sindano ya penisilini ilimvimbisha koo, nusura afe. Nimeuchapa kwa herufi kubwa.

Ijumaa, 8 Agosti



Baba Numbi alikuja asubuhi na kikohozi. Mama Odette, muuguzi, alifungua kadi yake akacheka, akimwita batata, yaani baba mzee. "Batata, mashini inasema muko na miaka tisa!" Akajibu: "Basi munirudishe ku masomo, mama. Ntakaa mbele." Watu wote wakacheka. Mama Odette akasema mutoto wa mashini alikosea miaka. Mutoto wa mashini ni mimi. Kisha akaanza kuvuta penisilini kwenye sindano.

Niliangalia kioo cha mashine. Miaka tisa. Minyoo. Hakuna herufi kubwa. Haikuwa kadi yake, ilikuwa ya mjukuu wake. Huku kwetu mtoto hupewa jina zima la babu, na mimi mwenyewe nimebeba la bibi. Niliwachapa wote wawili Jumanne, babu kwanza.

Niliinuka. Nikamshika Mama Odette mkono. "Mama, apana. Musimuchome. Penisilini inamuuaka."  Baba Numbi akasema ni kweli, alidhani mashine imeshawaambia. Mama Odette akaweka sindano chini. "Kumbe weye unasemaka!"

Nimetoka nje nikalia.

Jumamosi, 9 Agosti

Kosa ni langu. Kwenye Windows, rename ikikuta jina limechukuliwa inakataa. Mimi nikaufanya ukataaji huo kuwa mlinzi wangu. Kwenye Linux haikatai. Inaifuta faili iliyokuwepo na kuketi mahali pake, kimya. Nilijaribu nyumbani tu. Hapa sikujaribu.

Nimemwambia Masera kila kitu, macho chini. Nilijua atanifukuza. Aliuliza kadi ngapi zingine zimefutwa. Nikasema sijui. Akaenda mwenyewe kusimamisha uchomaji wa karatasi, akarudi na daftari la mapokezi na kiti cha pili. Tumelinganisha majina hadi saa kumi jioni. Zimepotea saba. Babu na wajukuu, shangazi na mabinti. Karatasi zake zimeshakuwa majivu.

Hakunigombeza. Sijui nimshukuru vipi. Nimeosha vikombe vyote.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimebadilisha. Sasa jina la faili ni namba ya kadi, si jina la mtu. Na mlinzi ni wa kweli. Kwenye Linux natumia link, ambayo inakataa jina lililopo, kisha unlink inaondoa faili ya muda. Kwenye Windows rename imebaki. Nimelazimisha namba moja mara mbili kwenye mashine zote mbili. Zote zimekataa. Sijawahi kufurahia kukataliwa hivi.

Masera ametuma habari kwa wale saba. Anataka niwaulize mimi, si Mama Odette. Naogopa kuliko mtihani.

Alhamisi, 14 Agosti

Wamekuja sita. Baba Numbi wa kwanza, na mjukuu. Nilimsomea kadi yake mpya. Akaomba nirudie mstari wa penisilini, polepole. Nikarudia.

Wa mwisho alikuwa mama mmoja aliyebeba ndizi. Hakunisikia, nikauliza tena kwa nguvu kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Akafikiri. Hakuna, akasema, ila nanasi humletea vidonda mdomoni.

Nikaandika.