Sauti ya Mawe Maabarani

Nyahanga, Kahama
9 Machi 2025

Luka,

Natumaini u mzima. Sisi wazima, isipokuwa Baba, na wewe unajua kwa nini. Simu zako nimeziona zote. Sipokei, kwa sababu utalia, na ukilia nitakuhurumia, na leo sitaki kukuhurumia. Soma.

Baba aliondoka hapa na koti lake la kanisani. Stendi alimwambia kila mtu kwamba mwanawe anasoma saikolojia chuo kikuu, na utafiti wake ni wa usingizi wa wachimbaji waliowahi kufukiwa. "Ataniuliza mimi maswali," alisema, "madaktari wajue namna ya kuwatibu wenzangu."

Alirudi bila koti. Tangu hapo halali ndani. Anatandika mkeka barazani, anakodoa macho mpaka kunakucha. Juzi lori lilimwaga mawe kwa jirani. Alimnyakua Nelly wangu akakimbia naye hadi barabarani, anapiga kelele, "Valerian, toka! Toka!" Mtoto ana alama za vidole mkononi.

Miaka sita, Luka. Miaka sita tangu lile duara, shimo la dhahabu la wachimbaji wadogo, lititie kule upande wa Bulyanhulu, Baba akatolewa hai na mchimbaji mwenzake Valerian akatolewa maiti. Baba alikuwa ameanza kucheka tena. Nimemwuliza mlimfanya nini, amesema tu, "Walizima taa."

Nani alizima taa? Na wewe ulikuwa wapi?

Dada yako,
Martina

---

Chuoni
16 Machi 2025

Dada Martina,

Shikamoo. Afya yangu usiiulize. Msalimie Nelly, mwambie mjomba anasikitika.

Maabara yetu ni chumba kidogo kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa sponji zisipitishe sauti. Kuna kioo kikubwa. Sisi wanafunzi tunakaa nyuma yake, tunamwona aliye ndani, yeye hatuoni. Tulimbandika Baba vibandiko kifuani vya kupima mapigo ya moyo. Alisaini kujibu maswali tu. Alikuwa anamtania Zipora, mwanafunzi mwenzangu, kwamba amemfunga nyaya kama redio mbovu.

Katikati ya maswali, msimamizi wangu, Dokta Edson, aliingia upande wetu, akanisogeza, akabonyeza kompyuta. Taa za mle ndani zikazimika. Spika zikaanza kutoa mlio wa mawe yakiporomoka.

Nikasema, "Dokta, hili halimo kwenye fomu."

Akasema, "Subiri. Tazama moyo unavyopanda. Hapa ndipo utafiti unapoanza."

Nikasubiri. Zipora ndiye aliyekimbia kufungua mlango. Baba alikuwa amejikunja kwenye kona, nyaya zimemchomoka kifuani, koti amelikandamiza usoni kama mtu anayezuia vumbi.

Namchukia yule mtu. Nikimwona koridoni nageuza njia. Lakini ndiye atakayesahihisha utafiti wangu, na nimebakiza muhula huu tu. Nivumilie, dada. Nikishapata cheti nitamshtaki.

Mdogo wako,
Luka

---

Nyahanga
23 Machi 2025

Luka,

Salamu nimezipata.

"Nikasubiri." Neno hilo umeliandika kwa mkono wako. Zipora hajawahi kula ugali nyumbani kwetu, hamjui Baba, na ndiye aliyekimbia. Wewe ulikaa nyuma ya kioo na Dokta wako, na bado umekaa hapo. Unangoja cheti! Mapigo ya moyo wa Baba ndiyo yakupe joho?

Ukimaliza chuo kwa utafiti huo, kadi ya mahafali usinitumie. Nitaiwashia jiko.

Dada yako,
Martina

---

Chuoni
4 Mei 2025

Dada Martina,

Shikamoo. Natumaini Baba anakula. Mimi nimekonda, lakini mzima.

Barua yako niliichana, kisha nikaenda kwa Zipora, tukaenda wote kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Mengine unayajua, maana wewe ndiye uliyemshikia Baba simu siku ile ya kikao. Usichokijua ni jinsi chumba kilivyokuwa. Dokta Edson alikuwa amekunja nne, anasema mshiriki alisaini mwenyewe na hakulazimishwa. Mwenyekiti akaweka simu kwenye spika. Baba akasema, "Mwanangu Dokta, nilisaini kuulizwa. Sikusaini kufukiwa." Hakuna aliyeinua uso. Dokta alishusha mguu.

Wamemwondoa maabarani uchunguzi ukiendelea. Darasani bado anafundisha. Jana alinisalimia koridoni, "Habari, kijana," kama vile hakuna kilichotokea, nikatamani kumpiga. Utafiti wangu umefutwa wote, nitarudia mwaka. Rekodi za Baba nimezifuta mwenyewe, Zipora akishuhudia. Sijutii hata moja.

Nataka kuja nyumbani. Sijui kama naruhusiwa.

Mdogo wako,
Luka

---

Nyahanga
11 Mei 2025

Mdogo wangu Luka,

Marahaba. Nelly anakusalimu, mkono umepona.

Na wewe kuna usichokijua. Baba aliponirudishia simu siku ile, alizunguka nyuma ya nyumba akatapika. Nikamfuata na maji. Akanawa, akauliza kama kuna viazi vimebaki, akala vyote. Usidhani amepona. Bado yuko barazani, na jana alilia mchana kweupe kwa sababu mlango ulijibamiza. Na yule Dokta anaendelea kusimama mbele ya watoto wa watu! Nikiwaza hilo, mboga inaungulia jikoni. Hasira yangu kwako imepungua. Haijaisha, nisikudanganye.

Nilimwuliza Baba kama uje. Alikung'uta mkeka wake. Kisha akasema mpunga umeiva na sisi wawili hatumalizi kuuvuna. Amesema uje, ila usimwulize swali hata moja. Akitaka kusema, atasema.

Panda basi la Jumamosi. Utalala naye barazani. Njoo na chandarua, mbu wa huku wamezidi.

Dada yako,
Martina