Nimekula Asali ya Binti Niliyemkataa, na Sijafa

Kwako mshauri Nelius,

Mimi ni mzee wa miaka themanini na mitatu, naitwa Naftaly Munyi, wa huku juu ya Runyenjes kwenye kahawa, na nimeishi kuliko nzige, kuliko vile vijiji vya hali ya hatari tulivyofungiwa na mzungu, kuliko machifu wanne, na kuliko daktari aliyenikataza nyama ya mbuzi, huyo tulimzika na kwenye matanga yake nikala mbuzi. Kusoma sikusoma sana, lakini Kiswahili nilikipata Mwea nikilinda mpunga na hapa kwetu hakuna wa kunishinda. Mabati ya kwanza katika kijiji hiki ni yangu. Nasema hivyo ujue mimi si mtu wa kushtuka ovyo, na bado nimeshtuka mpaka nimekaa chini kukuandikia.

Binti yangu wa kwanza anaitwa Wambeti, jina la mama yangu mzazi, nilimlea kama yai, nikamtafutia bwana wa maana, kijana wa rafiki yangu wa chama cha kahawa, yeye akanikatalia, akataka Mbaka wa Ishiara, mtu wa mizinga ya nyuki, kule kwa joto ambako mbuzi wanakula hata karatasi. Walipokuja na wazee wao kuposa nilisimama langoni nikamwambia Wambeti mbele ya wote, hutakanyaga boma hili nikiwa hai, na siku nitakayokula kitu kilichotoka mkononi mwako, siku hiyo nife. Neno kama hilo likitoka kwa baba, kwetu si mchezo, hata kama tumebatizwa. Nikakataza pia mtu yeyote kuniita Baba Wambeti, waniite Baba Njue, huyo ni kijana anayemfuata. Miaka kumi na moja sasa. Mimi neno langu ni moja.

Sasa sikia. Jumapili ya Familia, baada ya ibada, katekista wetu Salesio akafunga shuka jeupe ukutani, akawasha jenereta, akatuonyesha sinema. Ni hadithi ya mfalme na malkia lakini ya siku hizi, mfalme ana simu, malkia anaendesha gari mwenyewe, halafu uchawi uko palepale. Mfalme amekasirikia binti yake, akaapa hatainuka kwenye kiti kumpokea. Basi akaanza kuota mizizi. Kwanza miguu, halafu magoti, mpaka ndege wakajenga kiota kwenye taji. Watu wake wakatafuta mchawi nchi nzima, na Salesio akisimamisha kila mara kututafsiria Kiembu, na mimi nikipiga kelele, "Ni yule mpishi! Mkamateni mpishi!" Kumbe mchawi hayuko. Ni neno lake mwenyewe lililomfunga. Mwisho binti amesimama mlangoni, mfalme anang'oa mguu, anang'oa mwingine, damu inatoka, anafika kwa mtoto wake anapiga magoti. Mfalme! Kwa msichana! Nilishika benchi.

Salesio akazima, akauliza, "Wazazi, familia zetu zimejifunza nini hapa?" Mama mmoja akasema kusameheana, mwingine akasema tusichagulie watoto wachumba, maneno ya kanisani. Mimi nikainuka, maana mimi si wa kukaa kimya, nikasema, "Nimejifunza kwamba yule alikuwa mwanaume kamili mpaka dakika ya mwisho, ndipo akaharibu." Watu wakacheka, nikafurahi.

Ndipo mke wangu Rwamba akasimama upande wa akina mama. Huyu mwanamke hajawahi kusema neno kanisani ila Amina. Akasema, "Baba Wambeti, keti."

Mshauri, nilikaa. Sijui nani alinikalisha.

Akaendelea kwa sauti ya kawaida kama mtu anayeomba chumvi. "Huyo mfalme mimi namjua, ndiye ninayempikia uji. Ile asali ya kila asubuhi anayowasifia wazee wenzake inatoka kwa Wambeti, naichukua mwenyewe Ishiara siku ya soko. Miaka yote hii anakula mkononi mwa mtoto aliyemfukuza. Alisema atakufa. Haya, tazameni mashavu."

Kanisa lilianguka kwa kicheko. Mzee Njura, tuliyetahiriwa pamoja, akapiga fimbo chini akasema, "Munyi! Kumbe tunakaa na marehemu!" Mpaka leo nikipita ananisalimia, "Pole na msiba wako."

Na ni kweli mimi nilikuwa naisifu asali hiyo, nilikuwa namwambia Rwamba huyo mwenye asali usimwache. Nikamuuliza nyumbani, "Wambeti anajua ninayekula ni mimi?" Akaniambia, "Ndiye anayechagua ile nyeusi, kwa sababu ya kifua chako. Kila soko ananiuliza kama bado unakohoa." Nilikwenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe hakuwa na shida yoyote.

Tangu siku hiyo sijagusa uji. Nachoma ndizi yangu mwenyewe nakula. Usiku nasikia tumbo likinguruma nasema ndiyo hiyo, kiapo kimefika. Na Rwamba ameosha kitenge chake kizuri, amesema Krismasi hii anakwenda kula kwa mtoto wake Ishiara, nikitaka nifuatane naye, nisipotaka majani ya chai yako kwenye kopo la bluu. Hajawahi kulala nje ya boma langu tangu nimuoe, na vile alivyosema sijui kama atarudi.

Kwa hivyo nijibu. Kanisa lina ruhusa gani ya kuonyesha sinema za kuangusha wababa? Hicho kiapo kimekufa ama bado kinanitafuta? Na mtu wa umri wangu anaweza aje kumfuata msichana mpaka Ishiara kwenye jua, si yeye ndiye angekuja?

Kama unafikiri nimetunga, uliza katekista Salesio, uliza Njura huyo mwenye mdomo, uliza kanisa lote. Mke wangu usimuulize.

Naftaly Munyi


Nelius anajibu:

Mzee wangu, naheshimu mvi zako, na kwa sababu naziheshimu sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Umeshtuka, na hata mimi nimeshtuka, ila si kwa sinema. Nimeshtuka kwamba mtu aliyezika daktari wake anaogopa kijiko cha asali. Unamlaumu Salesio. Salesio alifunga shuka ukutani, basi. Ungetazama hadithi hiyo bila deni lolote moyoni, ungecheka ukaenda kukama ng'ombe. Wewe ulikuwa unapiga kelele mpishi akamatwe, na mizizi iko kwenye kiti chako.

Kiapo? Ulisema ukila utakufa. Umekula miaka kumi na moja na bado unapumua. Ama neno lako halina nguvu unayojisifia, ama mtoto wako amekuwa akilitia asali kila asubuhi mpaka likalainika. Chagua mwenyewe. Lakini wazee wa upande wenu wamenifundisha kwamba neno la baba hufutwa na kinywa kilekile kilicholisema. Si Salesio wa kulifuta, wala mimi, wala Krismasi. Baba hutia asali mdomoni, akamtemea mtoto baraka kifuani. Asali unayo. Nyeusi, nzuri, tena umeisifu mwenyewe.

Unauliza kwa nini asije yeye. Alikuja, mzee, tena na wazee wa watu, ukamzuia langoni. Na umeandika mwenyewe, kwa majivuno, kwamba ulimpa jina la mama yako. Kwa mila yenu mtoto anayepewa jina la nyanya yake ni nyanya huyo amerudi. Sasa niambie, siku ile ulimfukuza nani?

Usinijibu mimi. Keti na swali hilo ukila ndizi yako ya kuchoma.

Halafu fanya hivi. Kesho asubuhi kunywa uji, na asali ndani, mbele ya Rwamba, umwambie asante. Najua hujui neno hilo linavyotamkwa, jaribu. Usingoje Krismasi, maana mtu wa miaka themanini na mitatu hapangi mambo ya mbali. Siku ya soko ijayo fuatana na mke wako, na yeye ndiye atangulie, njia anaijua kuliko wewe. Vaa kofia, jua la Ishiara halimtambui mwenye mabati ya kwanza. Mbaka msalimie kwa mkono na umuulize habari ya nyuki wake, usimfundishe kilimo cha kahawa. Kupiga magoti si lazima, magoti yako sina hakika nayo. Lakini akikuletea kiti, usikikalie kabla hujasema ulilokwenda kusema.

Umenikataza kumuuliza mke wako, nami sikumuuliza. Hakuna haja, alishatoa ushahidi kanisani kwa maneno matatu, na mwili wako ukatii kabla kichwa hakijakataa. Kwa hivyo ukifika kwenye lango la Wambeti na mtoto wako akauliza kutoka ndani ni nani, usiseme ni Munyi, usiseme ni Baba Njue.

Sema, "Ni Baba Wambeti." Halafu ungoje nje mpaka ufunguliwe.