Ndevu chini ya boneti

Haloo, Damo rafiki yangu, uko wapi? Usicheke. Nimesema usicheke!

Kile chuma cha kuunganisha vichwa vya shokapu za mbele, nimekifunga leo asubuhi kwenye gari kuukuu la babu. Si ndilo linalompeleka dada yangu Bronwyn kanisani? Nilitaka lisimyumbishe kwenye kona za mji wetu wa Ballarat.

Nimeinama, nakaza nati ya mwisho kwa nguvu zote. Nainua kichwa, hakiinuki. NDEVU, Damo! Zimebanwa chini ya nati! Spana nayo ikaniponyoka, ikatumbukia kwenye injini.

Nikapiga kelele mpaka bibi harusi mwenyewe akatoka, shela kichwani.
"Lachie, unabusu injini?"
"Nitafutie spana!"
"Na gauni hili? Mama, lete mkasi!"
"Bron, nimezifuga miaka minne!"
"Na mimi nimemsubiri huyu mwanamume miaka sita. Tulia!"

Bron kakata. Upande mmoja, Damo. Upande MMOJA! Muda wa kunyoa upande wa pili haukuwepo.

Gari limekata kona zote, limetulia kama maji mtungini.

Sasa tunapigwa picha. Mpigapicha kaniambia nigeuzie kamera upande wenye ndevu. Bron kakataa: "Mwache hivyohivyo. Wajukuu wamwone."