Pointi Nne za Sifa

Albert Park, Durban

Papa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama. Mgongo wako unaendeleaje? Mama aliniambia siku hizi unafika sokoni na kurudi bila kupumzika njiani, nikafurahi sana. Na yeye presha yake imetulia? Mimi niko mzima. Lifti ya jengo letu imeharibika tangu mwezi uliopita, kwa hiyo kila jioni napanda ghorofa tisa kwa ngazi na mizigo yangu, lakini miguu imeshazoea. Saluni ina wateja. Utanisamehe Kiswahili changu kikikuchekesha. Hapa tunachanganya cha Lubumbashi na cha Dar es Salaam, na Kizulu kidogo juu yake, mpaka mtu anasahau alitoka nyumbani na kipi.

Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilosema Jumapili kwenye simu. Ulisema, "Nimesikia Sifa amefunga pointi nne. Mechi nzima, pointi nne?" Kabla sijajibu ukampa Mama simu. Barua hii anakuletea mke wa pasta wetu, na naomba uisome yote, maana ulichoambiwa ni kweli lakini ni kipande tu.

Najua hujaongea na mdogo wangu Sifa tangu alipoondoka. Ulitaka afundishe hesabu kama wewe, na aliposema anakwenda Ufaransa kucheza basketi ulimwambia huo ni mchezo wa watoto wa shule, si kazi ya mtu mzima. Siandiki kukulaumu, Papa. Ila ungejua mwaka aliopitia. Aliumia goti, akafanyiwa operesheni, na alipopona akakuta mwenzake ameshika nafasi yake ya kuongoza mchezo. Akakaa benchi mechi baada ya mechi. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na mechi ya Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa msimu. Timu ikishindwa, inashuka daraja, na yeye hana tena pa kuchezea.

Ilichezwa mchana, sisi tuko kazini. Picha za mechi zilikataa kufunguka huku. Tulichopata ni ukurasa wa takwimu, ule unaoandika kwa namba kila kinachotokea uwanjani. Nikaiegemeza simu kwenye kioo, nikaendelea kumsuka Nomusa, mteja wangu Mzulu. Mbele ya jina la Sifa palikuwa na sifuri mstari mzima. Dakika sifuri, pointi sifuri. Hamisi, Mtanzania wa duka la simu la jirani aliyewahi kucheza basketi chuoni, alikuja kusimama nyuma yangu atusomee.

Robo ya tatu timu yao ilikuwa nyuma kwa pointi kumi na moja. Mikono yangu ilikuwa imesimama kabisa.

"Riziki," akasema Mama Zawadi, mwenye saluni, "kichwa cha mtu iko kinakungoja."

"Mwache," Nomusa akamjibu. "Na mimi nataka kuona."

Zilipobaki dakika tatu robo ile iishe, yule anayeongoza mchezo akapata faulo ya tano. Sheria yao, mtu akifika tano anatoka na harudi tena. Hamisi akasema taratibu, "Angalia. Wamemwingiza mdogo wako."

Papa, sijui nikueleze vipi. Hatukuona uso wake wala goti lake. Tuliona namba zikibadilika. Pasi moja, na mwenzake amefunga. Pasi ya pili. Halafu amempokonya mpinzani mpira. Pengo likawa nane, likawa tatu. Mitupo huru miwili, yote imeingia, na sasa walikuwa nyuma kwa pointi moja tu. Kila namba ilipobadilika saluni nzima iliongea pamoja, hata wale wasiojua basketi ni nini. Mama Zawadi mwenyewe alikuwa ameacha dawa kichwani mwa mteja, na ni yeye aliyekuwa akitukumbusha kazi.

Mwenzake akafunga tena, zikabaki sekunde chache, sisi mbele kwa pointi moja. Ukurasa ukaandika kwamba Sifa amefanyiwa faulo, ana mitupo miwili. Kisha ukaganda. Kiduara kikawa kinazunguka tu. Nilifumba macho nikamwomba Mungu. Nilipofumbua, mbele ya jina lake palikuwa na nne, na mechi imekwisha. Tumeshinda kwa tatu.

Nomusa alinikumbatia na nywele zake nusu zimesukwa. Nililia, Papa, sikuona haya. Halafu nikasoma tena ule mstari, roho ikaniuma kidogo, nikasema, "Lakini ni pointi nne tu." Hamisi akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi asiyesoma swali.

"Achana na hiyo safu," akasema. "Soma ya mwisho."

Ya mwisho ni hii, na wewe mtu wa hesabu utaielewa kuliko mimi. Inaonyesha timu ilipata au ilipoteza pointi ngapi wakati mchezaji fulani yuko uwanjani. Sifa aliingia wakiwa nyuma kwa kumi na moja, hakutoka tena, wakamaliza mbele kwa tatu. Mbele ya jina lake iliandikwa kumi na nne, na alama ya kujumlisha. Hakuna mwingine aliyekuwa nayo kubwa hivyo, hata yule aliyefunga pointi nyingi kuliko wote. Nimekunakilia mstari wake mzima. Dakika 13, pointi 4, mitupo huru 4 kati ya 4, pasi za kufungisha 7, kupokonya mpira 3, kupoteza mpira 0. Hiyo sifuri ya mwisho, Papa, ni ya kujivunia.

Timu imebaki daraja lake. Jumatatu kocha alimwita ofisini akampa mkataba wa misimu miwili. Alinipigia papo hapo, na baada ya habari zote akaniuliza, "Papa alisema nini?"

Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia, "Alisema pointi nne ni chache."

Aliniomba nirudie maneno hayo. Kisha akasema, "Kumbe alikuwa anahesabu."

Namba yake ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Jumapili hachezi, atakuwa nyumbani.

Nisalimie Mama kwanza, kabla ya wote. Umsalimie kaka Ilunga na mkewe, na shangazi Kapinga aliyetulea Mama alipokuwa mgonjwa. Na yule mwalimu mwenzako aliyekuletea habari ya pointi nne, naye msalimie, ila umsomee na safu zilizobaki.

Ni mimi binti yako mkubwa,
Riziki